Gunia liko na namba, aliyelichimba hana

Leo tunataka kusema juu ya jambo lenye munaliona kila wiki ndani ya nyumba zenu, Rubaya, Ngungu, Mweso, Mubi, Njingala na Walikale-kati, na lenye hakuna mtu analiandika.

Tuchukue kijana wa shimo, miaka 24, bibi na watoto wawili. Jiwe limetoka juu, limempiga kichwani. Ameanguka, amekaa karibu dakika kumi bila kujua fasi eko. Wenzake wamemvuta kwa kamba, wamemweka ndani ya tipoyi, wamemfikisha kituo cha afya. Munganga ameshona kidonda, amempa dawa ya maumivu. Siku ya tano kijana amerudi nyumbani kwa miguu yake. Majirani wamepiga vigelegele: Mungu ni mkubwa, amepona.

Kiisha wiki tatu, bibi yake anaanza kujiuliza: huyu mwenye alirudi ni nani? Anasahau feza ameweka wapi. Anakasirika juu ya chumvi. Anampiga mtoto, na zamani hakuwa anainua hata sauti. Muchana analala, usiku anazunguka. Akirudi shimoni, mkono wake unajua nyundo vizuri, lakini anasahau kama amefunga kamba. PDG wa shimo anamfukuza: ni mlevi. Jirani anasema: wamemloga. Kwenye chumba cha maombi wanasema: ni pepo, na wanamfunga mikono. Sokoni amefanya kelele, wanamtia kashoni. Watu wote wamesema, na hakuna hata moja mwenye amesema neno la kweli: ubongo wake umeumia. Kidonda cha ngozi kimefunga, kidonda cha ndani bado.

Tumemweka huyu kijana kama mfano, lakini tunajua wengi wenu mumekwisha kumpa jina.

Mwisho wa Januari 2026, mashimo ya Rubaya yalipoporomoka kisha mvua kubwa, wakuu walitangaza kwamba watu zaidi ya 200 wamekufa. Redio za dunia nzima zilihesabu wafu, na ni haki wahesabiwe. Lakini wale waliotolewa katika udongo wakiwa hai, vichwa vimegongwa, vifua vimekosa hewa, nani alifungua kitabu akaandika majina yao? Nani alirudi kwao kisha mwezi moja kuuliza: unalala? unakumbuka? watoto wanakuogopa?

Jeraha la ubongo la namna hii mtu hazaliwi nalo, linamkuta njiani. Katika kazi yetu njia ni nyingi: jiwe, nyundo, kuanguka kutoka ngazi, kufunikwa na udongo. Kuna pia moshi wa motopompe yenye wameiweka ndani ya shimo. Ile hewa mbaya haina harufu wala rangi, inazuia damu isibebe hewa nzuri, na ubongo ukikosa hewa unaanza kufa kisha dakika chache tu. Ongeza ajali za pikipiki kwenye barabara ya Sake, risasi na vipande vya bomu, ugonjwa wa kupasuka au kuziba mshipa wa kichwa kwa wazee, na malaria yenye inapanda kichwani kwa watoto. Sababu ni mbalimbali, lakini taabu ya nyumbani inafanana.

Na si ulozi wa Masisi wala wa Walikale. Mwaka 1848, kule Vermont, Marekani, msimamizi wa kazi ya reli jina lake Phineas Gage alikuwa anashindilia baruti ndani ya tundu la jiwe, kazi yenye wengi wenu munaijua. Baruti ikalipuka, na chuma cha urefu wa zaidi ya mita moja, chenye uzito wa kilo 6 hivi, kikaingia shavuni na kutokea juu ya kichwa. Hakufa. Alizungumza siku ileile, na aliishi zaidi ya miaka 11 tena. Lakini wenzake walisema tabia yake imegeuka, na wakubwa wa kazi hawakumrudisha. Kisha, kule Chile, aliendesha gari la farasi miaka mingi: kazi ya kila siku, njia ileile, saa zilezile. Watu wengi wanakumbuka chuma tu. Sisi tunakumbuka ile kazi ya Chile. Mtu mwenye ubongo umeumia anaweza kusimama tena, kama siku yake iko na utaratibu na kama kuna watu wenye kumshika mkono.

Hapo njo taabu yetu inaanza. Watu wa kumshika mkono wako, lakini kila moja amekaa kwenye mlango wake.

Tuhesabu ile milango. Kituo cha afya kinasema: sisi tulishona, tulimaliza. Hospitali kubwa ya zoni inasema: mifupa haikuvunjika, arudi nyumbani. Kooperative inasema: tulitoa feza ya dawa siku ya ajali. SAEMAPE, yenye kazi yake ni kusaidia na kuongoza wachimbaji wa mkono, inaandika ripoti ya ajali na ripoti inapanda juu. Affaires sociales inauliza cheti cha munganga. Munganga anauliza nani atalipa skana, na skana inatafutwa Goma. Mwalimu anamfukuza mtoto juu ya karo, hajui kama baba amebomoka kichwa. Goma kuna fasi za kazi hii: Shirika la Umoja kwa mazoezi ya mwili na vifaa vya kutembea, Tulizo Letu kwa magonjwa ya akili. Lakini mama wa Ngungu ataambiwa na nani kama zile fasi ziko? Na akifika pale, ataonyesha karatasi gani?

Kila mlango umefanya kipande chake, na tunawashukuru, juu ya wengi wanafanya kazi bila mshahara. Lakini vipande havikushonwa pamoja. Mwenye kuzunguka na sindano na uzi ni bibi wa mgonjwa peke yake, mtoto mgongoni, na kila mlango anaanza hadithi tangu mwanzo. Mgonjwa mwenyewe hawezi kuihadithia, kwa sababu kumbukumbu njo kitu chenye kimevunjika.

Sasa fikirini gunia. Kwa miaka, gunia la coltan likitoka katika mashimo ya Rubaya lilifungwa etiketi yenye namba. Namba iliandikwa kwenye kitabu pale shimoni, ikaandikwa tena kwa mnunuzi, ikaandikwa tena kwenye nyumba ya biashara ya madini Goma. Ule mpango ulikuwa na wizi na makosa yake, na Rubaya ulisimama mwaka 2024, vita ilipofika. Lakini ulituonyesha kitu kimoja: inawezekana kufuata kitu kutoka ndani ya shimo mpaka ngambo ya bahari, hatua kwa hatua, na kila mkono wenye kukipokea unaandika. Kasiterite ya Walikale vilevile. Gunia la mawe liko na namba, liko na kitabu, liko na mtu wa kujibu kama limepotea. Mwenye alilichimba akipotea ndani ya kichwa chake mwenyewe, hana namba, hana kitabu, na hakuna mtu anajibu.

Njo hapo tunasimama. Hatusemi kama feza si taabu. Tunasema kwamba hata ile kidogo yenye iko inamwagika, kwa sababu hakuna mwenye kufuata mtu kutoka shimoni mpaka nyumbani.

Tunajua kuna wenye watatujibu: "Nyinyi muko munasema karatasi, sisi tuko na vita." Ni kweli. Rubaya imekuwa mikononi mwa M23 tangu mwisho wa Aprili 2024. Goma ilifuata Januari 2025, na ofisi za jimbo za serikali ya Kinshasa zikahamia Beni. Walikale-kati M23 iliingia Machi 2025, ikatoka Aprili. Banki za Goma zilifungwa, uwanja wa ndege ulifungwa. Mgonjwa wa Walikale akitafuta Goma, anakuta mstari wa vita mbele yake.

Lakini ile vita njo sababu ya kuandika. Ofisi zisipoweza kusemezana, karatasi ya mgonjwa itazisemea. Hatuombi mkuu wa upande huu amtambue mkuu wa upande ule. Tunaomba munganga wa upande huu asome mwandiko wa munganga wa upande ule. Karatasi ya mgonjwa haina bendera.

Tena, kazi ya kufuata mtu tumekwisha kuifanya hapa hapa, vita ikiwa inaendelea. Ebola ilipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, ilichukua mpaka Juni 2020 kuimaliza, na ikaua zaidi ya watu 2,200. Nani aliikata miguu? Chanjo, ndiyo, lakini pia kitabu. Kila mtu mwenye aligusa mgonjwa aliandikwa jina, na alifuatwa nyumba kwa nyumba siku 21. Agosti 2019 ugonjwa ulifika hata Pinga, ndani ya teritwari ya Walikale. Watu wa kufuata walipita barabara zilezile za matope, kati ya silaha zilezile. Kama tuliweza kufuata mtu mzima siku 21 juu ya kuogopa atatuambukiza, juu ya nini tusifuate mgonjwa miezi sita juu ya kuogopa atapotea?

Kwa hiyo tunaomba vitu vitatu, na hakuna hata kimoja chenye kinangojea amani.

Cha kwanza: karatasi moja. Ianze shimoni, si hospitalini. Daftari ya shule inatosha. Mwenye alikuwa karibu aandike siku na saa ya ajali, namna ilivyotokea, kama mtu alizimia na kwa dakika ngapi, kama alitapika, kama alitetemeka. Munganga wa kwanza aongeze kipimo cha Glasgow. Ni kipimo chenye wanganga wawili wa Uskoti walitoa mwaka 1974: unaangalia kama mtu anafungua macho, anajibu neno, anasogeza mkono, unapata namba kati ya 3 na 15. Hakiombi mashini wala umeme. Namba ya saa ya kwanza inamwambia munganga wa Masisi au wa Goma mambo mengi yenye yeye hakuyaona. Kila mlango uandike chini yake, na daftari lirudi kwa familia.

Cha pili: mtu moja. Kila eneo la afya liko na relais communautaires, wale wenye wanapita na chandarua na chanjo. Moja wao afundishwe hii kazi, apewe majina, na apite nyumbani kisha wiki mbili, mwezi moja, miezi mitatu, miezi sita. Hatakuwa munganga. Kazi yake ni kuuliza maswali, kuandika majibu, na kujua ni mlango gani wa kugonga sasa: mazoezi, dawa ya kifafa, mwalimu, chefu wa kijiji, polisi. Wizara ya afya iko na programu yake ya taifa ya kurudisha wagonjwa ndani ya jamii, PNRBC, na ingine ya afya ya akili. Zile programu zikae kwenye njia za Katoyi na Itebero, zisibaki ndani ya makaratasi ya Kinshasa.

Cha tatu: kikao kimoja kwa mwezi, ofisini kwa munganga mkuu wa zoni. Waite hospitali, kooperative, SAEMAPE, Affaires sociales, mkubwa wa shule, mashirika yenye yako pale, na bibi au mzazi wa mgonjwa moja. Mezani kuwe na orodha ya majina, si hotuba. Jina kwa jina: huyu alifika wapi, nani anamngojea, nani amenyamaza. Mwenye kunyamaza ajibu mbele ya wengine.

Feza ya kuanzisha iko wapi? Kwa upande wa makampuni makubwa, kode ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inasema kampuni itoe kwa maendeleo ya jamii ya pale angalau 0.3% ya mauzo yake, na 15% ya ushuru wa madini iende kwa sekta au sheferi yenye udongo umechimbwa. Kwa hiyo Walikale, wenye kukaa mezani kupanga ile feza wanaweza kuweka mstari moja wa wagonjwa wa kichwa kati ya madaraja na mashule. Kwa wachimbaji wa mkono, ileile kode inataka kila mchimbaji awe ndani ya kooperative. Basi kooperative iwe zaidi ya muhuri. Munajua likelemba, munajua AVEC. Kiasi kidogo kwa kila gunia, kitabu wazi, na mwanamke moja kati ya washika ufunguo. Haitalipa skana ya kila mtu. Italipa daftari, tiketi ya pikipiki, na dawa ya kifafa isikatike.

Sheria nayo haikosekani. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Tangu tarehe 3 Mei 2022 kuna sheria nzima juu ya haki za watu wenye ulemavu. Lakini mtu mwenye mkono umekatika anaonekana, na mwenye ubongo umeumia haonekani. Bila karatasi, atabaki mlevi machoni pa Leta.

Nyinyi wenye munafanya kazi ya mshahara, Bisie na kwingine, sikieni hili: ajali ya kazini iko na haki zake kwa CNSS, kama mwajiri aliitangaza. Jeraha la kichwa lina ujanja, linaweza kuonekana kisha wiki. Usikubali kusema "niko bomba, nirudishe kazini" bila ajali kuandikwa siku ileile. Na kama uko chini ya kampuni ndogo yenye imepewa kazi na ile kubwa, uliza leo kama jina lako liko kwenye orodha, usingojee jiwe.

Kwa familia, maneno machache. Mtu akigongwa kichwa, hata akisema niko sawa, mumuangalie usiku ule na kesho yake. Akitapika mara na mara, akilala mpaka hamuwezi kumwamsha vizuri, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko ingine, maji meupe au damu zikitoka puani au sikioni, akitetemeka, akichanganya maneno: tipoyi palepale, hata usiku. Usimpe pombe, usimpe aspirini. Asirudi shimoni mpaka munganga aseme, juu ya pigo la pili kabla la kwanza halijapona linaweza kuwa baya zaidi. Akipewa dawa ya kifafa, isikatwe siku moja bila munganga kusema. Nyumbani, mpeni kazi ndogo za kila siku kwa saa ileile, neno moja kwa mara moja, kelele kidogo, usingizi wa kutosha. Akikasirika, si wewe mwenye anachukia. Maombi hatuyakatazi. Tunakataza kamba.

Na wewe mama mwenye unasoma hii, au mwenye unasomewa: usipigane naye peke yako. Akiinua mkono, ondoka na watoto, uite ndugu zake. Ugonjwa unaeleza kipigo, lakini haukupi deni la kukivumilia.

PDG wa mashimo, wakubwa wa kooperative, tunaachia kwenu kitu cha kufanya kabla ya Jumapili. Daftari moja iwekwe pale fasi munaweka kitabu cha magunia, na kalamu ifungwe kwa kamba. Siku jiwe litaanguka, muandike mtu kwanza, gunia kisha.